Je, Wajua? Kwa Nini Mhudumu Huuliza "Ya Baridi au ya Moto?"

Agiza bia baa ya Nairobi, Arusha au Mbeya, na kabla mhudumu hajageuka atakuuliza: "Ya baridi au ya moto?" Ya moto hapa si ya kuchemshwa. Ni ile iliyotolewa kwenye kreti bila kupitia friji. Mmarekani hulishangaa swali hilo, maana kwao bia hutoka karibu na barafu, nyuzijoto 1 hadi 4 za Selsiasi. Mwingereza anayekunywa eli ya pipa, bia ya jadi ya kwao, anaitaka ya nyuzi 11 hadi 13. Wote wana sababu, na sababu kubwa ni gesi.

Laga ya kiwandani, yaani bia ya kawaida ya chupa, hubeba takriban lita 2.5 za gesi ya kaboni katika kila lita ya bia. Gesi hupenda baridi. Ukishafungua chupa na viputo vikaacha kupanda, bia ya nyuzi 5 huwa bado imeshikilia lita 1.4 hivi, ya nyuzi 30 hubaki na nusu tu ya hiyo. Ndani ya chupa iliyofungwa, shinikizo la nyuzi 30 ni zaidi ya mara mbili ya lile la nyuzi 5. Ndiyo maana laga ya moto hufoka kizibo kinapotoka, glasi inajaa povu, na baada ya dakika chache kinachobaki kimepoteza makali.

Kisha kuna ulimi na pua. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba TRPM5, mlango mdogo ulio kwenye seli za ladha, huitikia zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35, na utamu husikika zaidi. Harufu nayo huhitaji joto ili iruke kutoka kwenye glasi. Laga nyepesi ya nyuzi 2 haina harufu ya kusema, ila inakata kiu. Ipashe hadi 25 na utamu wa kimea unajitokeza wote, bila gesi ya kuupunguza.

Eli ya Kiingereza imejengwa kinyume kabisa. Huingia kwenye pipa ikiwa na hamira hai, na kazi ya kuchacha humalizikia humo, katika chumba cha chini ya baa. Mtunza mapipa hupigilia kigingi cha mti laini kwenye tundu la juu. Povu likichuruzika pembeni mwa kigingi, anajua hamira bado inafanya kazi. Likitulia, anaweka kigingi kigumu ili gesi iliyobaki isitoroke. Bia hiyo hubaki na gesi ya lita 1 na ushee kwa lita, na hicho ndicho kiasi ambacho bia ya nyuzi 12 huweza kushika bila kusukumwa na mtungi wowote wa gesi. Ipoze sana, inapata ukungu na harufu inajificha. Ikipata joto, inatoa povu tupu na kuelekea kuwa siki. Likishaanza kunywewa, pipa linapaswa kuisha kwa siku tatu hivi. Kuiita "bia ya moto" ni kuionea: nyuzi 12 ni baridi ya maji ya mtungi na zaidi.

Baridi ya laga ilianzia Bavaria, Ujerumani. Amri ya mwaka 1539 ilikataza kupika bia kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, kwa hiyo ya kiangazi ilipikwa wakati wa baridi na kuhifadhiwa mahandakini pamoja na barafu; neno laga lenyewe linatokana na kuhifadhi. Katika miaka ya 1870 Carl von Linde, mhandisi Mjerumani, alitengeneza mashine za kupoza, na viwanda vya bia vikawa wateja wake wa mwanzo. Wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wameshaifikisha laga Marekani, nchi ya kiangazi kikali na biashara kubwa ya barafu.

Kwetu, kiwanda cha Nairobi kilianza 1922, na chupa zilifika kwenye maduka mengi miongo kadhaa kabla ya umeme. Wanywaji hawakuona ajabu: pombe za kienyeji kama mbege ya Wachaga na busaa hazijawahi kungoja friji, na kwa Wateso pombe yao ya ajono huongezewa maji ya moto chunguni ndipo watu wavute kwa mirija mirefu. Tena, moto wa bia isiyopitia friji huko Limuru au Njombe mwezi Julai, nyuzi 15 au chini yake, ni jirani wa chumba cha chini cha London. Moto wa Dar es Salaam mwezi Februari ni nyuzi 30, na hapo laga inateseka. Kama unapenda ya moto, chagua stauti, bia nyeusi. Kwa nyuzi 10 hadi 14 ndipo ladha yake ya kuungua na ya kahawa inapofunguka.

Ukitaka ya baridi haraka, chukua ndoo, tia barafu na maji nusu kwa nusu, na chumvi konzi mbili. Usisahau maji: barafu bila maji hugusa chupa sehemu chache tu, maji huizunguka yote. Zungusha chupa mara kwa mara. Kwa dakika 20 hivi itakuwa imepoa vizuri, wakati friji ingehitaji saa kadhaa. Friza ni hatari. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, maji yake yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, na chupa hupasuka.

Na chupa iliyopoa ikapata joto tena haijaharibika. Irudishe tu kwenye friji. Kinachoiua upesi ni jua. Mwanga huvunja uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, na kuacha harufu ya kicheche, hasa kwenye chupa za kijani na nyeupe, kwa hiyo kreti lisikae nje ya kibanda hata asubuhi moja.