DNA isipomatch na ndugu wa mbali, haimaanishi babu sio wenu

Watu wengi wanaamini ukipima DNA na isioneshe undugu na mtu wa ukoo fulani, basi yule babu mliyekuwa mnamfuatilia sio wenu. Ni rahisi kuamini hivyo, DNA inaonekana kama neno la mwisho. Ila ukweli ni kwamba kila mzazi anakupa nusu tu ya DNA yake, na nusu hiyo inachanganywa upya kila kizazi, kwahiyo ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi na wengi wao hawajakuachia hata kipande, japo ni wako kabisa. Ndo maana dada yako anaweza kumatch na ndugu wa mbali wewe usimatch, so mpimeni kwanza mzee mkubwa kuliko wote kwenye familia, yeye yuko karibu zaidi na huyo babu.

Halafu kuna makaratasi ya zamani ya kumtafutia huyo babu. Kwenye sensa umri hukosewa sana, usimkatae mtu kwa tofauti ya miaka 3, angalia nani wameandikwa nyumba moja naye. Cheti cha ndoa mara nyingi kina majina ya mashahidi, na hao nao wafuatilie, wengi huwa ndugu.