Mama kafika tisini, kwa hiyo?

Nimeambiwa tena, safari hii barazani Mji wa Kale, na mtu mzima mwenye sukari asiyetaka kupima figo: “Daktari, mitokondria hutoka kwa mama, na mamangu kafika tisini, sokoni aenda kwa miguu. Mimi nina wasiwasi gani?” Kaitoa kwenye video ya simu. Naandika sasa, nipate cha kumtumia atakayefuata.

Mitokondria ni vinu vya nishati ndani ya seli, na ni kweli, DNA yake hutoka kwa mama. Lakini ni fupi mno: herufi 16,569, jeni 37, na zinazotengeneza protini ni 13 tu. Protini nyingine za mitokondria, zaidi ya elfu moja, jeni zake zimo kwenye kiini cha seli, na huko baba ana fungu lake. Tuendelee.

Linaloniudhi ni hili: hata hicho cha mama hukukipata kama alivyonacho yeye. Seli moja ina mamia mpaka maelfu ya nakala za DNA hiyo, na zaweza kuwa mchanganyiko, nyingine nzima, nyingine zina hitilafu. Mayai yanapoumbwa, ni nakala chache zinazopenya. Chota konzi kwenye gunia la kunde zenye mawe: moja yatoka imejaa mawe, ya pili haina hata kijiwe.

Chukua hitilafu iitwayo A3243G, herufi moja tu ya DNA hiyo iliyogeuka. Ndugu wa tumbo moja: huyu sukari na uziwi angali kijana, yule moyo, wa tatu hana lolote. Misuli, ubongo, moyo na figo hula nishati nyingi. Seli zake huvumilia hitilafu mpaka kiwango kipite kizingiti, mara nyingi zaidi ya nusu ya nakala, ndipo zinapolegea. Halafu damu nayo hudanganya, kwa kuwa kiwango chake cha hitilafu hii hushuka umri ukisonga, ilhali kwenye misuli bado kiko juu. Ndiyo maana naomba mkojo badala ya damu, naulizwa, “Masikio ndiyo mabovu, mkojo wa nini?”

A1555G, hitilafu nyingine ya herufi moja, ni habari nyingine: mtu aweza kusikia vizuri mpaka achomwe gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Kama kwenu bibi mzaa mama au khalati aliingia uziwi baada ya sindano za aina hiyo, mwambie daktari kabla hujachomwa.

Na koo za mitokondria, yaani matawi ya nasaba ya kina mama yanayotambuliwa kwa DNA hiyo na kupewa herufi, je? Mwaka 1999, kaskazini mwa Italia, ukoo J ulionekana zaidi kwa wanaume waliotimiza miaka mia. Walipotafuta kwingine, mara uhusiano huo upo, mara haupo. Wengi wetu huku ni L, koo za Afrika, na DNA ya kulinganishia, iliyosomwa Cambridge mwaka 1981, ni ya ukoo wa Ulaya. Asiyelijua hilo huona ugonjwa mahali palipo na asili tu.

Kuna lisilonipa raha. Panya waliofanywa wakosee kunakili DNA hii, mwaka 2004, walizeeka upesi: mgongo ukapinda, manyoya yakanyonyoka. Lakini walibeba hitilafu nyingi kuliko mzee yeyote wa kawaida. Basi hitilafu hizi ndizo zinazotuzeesha, au zimeandamana na uzee tu? Kwenye misuli naegemea kwamba zina mkono. Kwenye figo, siapi.