Hati unayo, masharti yake umeyasoma?

Malalamiko kuhusu baa, gereji na fremu za maduka zinazochipuka katikati ya makazi yanaongezeka, na karibu kila mmiliki tunayemwita idara ya ardhi hujitetea vilevile: "Kiwanja changu, hati ninayo." Sawa, unayo. Fungua basi ukurasa wa masharti. Pameandikwa makazi tu, yaani Kundi A la matumizi ya ardhi, na mwishoni pana sahihi yako ya kuyakubali.

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe umemilikishwa kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti: usijenge bila kibali cha halmashauri, majengo uyatunze, kodi ya pango uilipe kila mwaka, bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, uzilinde (hata ile uliyoimwagia zege la uzio). Ukiuza, mnunuzi anarithi masharti hayohayo.

Matumizi yanabadilishwa, sijui nani aliwaambia watu kwamba haiwezekani. Unamwandikia mkurugenzi wa halmashauri, ukiambatisha nakala ya hati na stakabadhi za pango. Kusudio lako linatangazwa ili majirani watoe maoni, kisha kamati ya mipango miji inalijadili. Likiridhiwa, unasalimisha hati ya zamani na kuandaliwa mpya yenye masharti mapya na pango jipya. Pango la biashara huwa juu kuliko la makazi, ndiyo maana wengine hujenga kwanza wakaomba baadaye. Leseni ya biashara haibadilishi matumizi ya kiwanja. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti wa mtaa nayo haibadilishi, na hili tumelisema mpaka tumechoka.

Ukikiuka, utaandikiwa ilani ya kujieleza kwa nini usichukuliwe hatua. Kamishna wa Ardhi akishapima uzito wa kosa, anaweza kukutoza faini, kukuamuru urekebishe ndani ya muda maalumu, au kuanza taratibu za ubatilisho, ambazo zina notisi yake ya siku 90. Kufuta miliki kwenyewe ni mamlaka ya Rais. Halmashauri hukagua na kupendekeza tu. Kwa hiyo mtu akigonga geti akidai kesho anafuta hati yako usipompa chochote, mwombe kitambulisho, kisha uje naye ofisini.