Kwa Nini Tunaomba Mkojo wa Adhuhuri

Bibi mmoja kaskazini ya Pemba alinisimamisha mlangoni kwake nikiwa na kikopo cha kupimia kichocho mkononi. "Mwanangu, huyu mtoto alfajiri kakojoa, hukuja. Jua la utosi hili ndiyo unataka mkojo?" Nilikaa naye barazani nikamueleza. Nayaandika maelezo hayo hapa kwa sababu swali hili naulizwa karibu kila nyumba.

Minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Majike hutaga mayai, na mayai hutoka na mkojo. Hayatoki sawasawa kutwa nzima. Huwa mengi zaidi adhuhuri. Ndiyo maana tunakusanya mkojo baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na pengine humwambia mtoto arukeruke kidogo kwanza. Tukichukua wa alfajiri, tunaweza kumwambia mama kuwa mwanawe mzima, kumbe ana kichocho.

Maabara, kikopo hutikiswa kwanza, maana mayai huzama chini. Bomba la sindano huvuta mililita 10, mkojo ukapitishwa kwenye kichujio chenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, kisha kichujio hulazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Yai lenyewe ukishaliona mara moja hutalisahau: refu kidogo, limenona katikati, na kwenye ncha moja lina mwiba. Mayai yanayonasa kwenye kuta za kibofu ndiyo yanayoleta vidonda na ile damu mwishoni mwa mkojo. Tunayahesabu moja moja. Yakifika 50 katika mililita hizo 10, hayo ni maambukizi makali.

Siku hizi vioo vingi havina hata yai moja. Katika miaka ya 1980 skuli nyingi za Pemba zilikuwa na zaidi ya nusu ya wanafunzi wenye kichocho. Kilichopunguza ni dawa ya praziquantel, ile ambayo mtoto husimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane ameze vidonge vingapi. (Mlisheni kwanza. Tumbo tupu ndilo linalomfanya atapike, kisha jirani akasema dawa ni mbaya.)

Mwaka 2011 ulianza Unguja na Pemba utafiti mkubwa uliokwenda hadi 2017, wenye shehia (maeneo madogo ya utawala) 45 kila kisiwa. Zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi moja lilipata dawa tu, la pili liliongezewa kuua konokono wanaoeneza kichocho mitoni, na la tatu liliongezewa elimu iliyotungwa pamoja na walimu na wanakijiji, pamoja na majukwaa ya kufulia na sehemu za kukojolea. Kichocho kilipungua katika makundi yote matatu, lakini hakikumalizika, na tofauti baina ya makundi haikuwa kubwa kama wengi walivyotarajia.

Nimesikia watu wakisema basi konokono na majukwaa ni kupoteza fedha. Sikubaliani nao. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa. Haimkingi mtu asiambukizwe kesho akirudi kwenye maji ya bondeni. Na huko bondeni yuko konokono wa Bulinus. Mshike ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea, utaona mdomo huo uko kushoto. Yai likiingia maji baridi, yasiyo na chumvi, hupasuka, kijidudu chake kikamtafuta konokono huyu, na baada ya wiki kadhaa konokono mmoja hutoa viluwiluwi vya kichocho kwa maelfu. Navyo hutoka kwa wingi mchana wa jua kali, wakati ule ule watoto wanapojitupa mtoni. Hupenya ngozi nzima, isiyo na mchubuko wowote, kwa dakika chache. Baharini havipo. Kwa hiyo mtoto mmoja anayekojoa kwenye maji yenye konokono huyu anatosha kukianzisha kichocho upya pale kilipokwisha.

Jukwaa la saruji nalo lina elimu yake. Likijengwa mbali na kivuli, au mahali maji yasipofika kiangazi, litabaki la kuanikia nguo. Ajuaye hayo ni mama anayefua hapo, na aulizwe kabla saruji haijachanganywa. Mhandisi asiyemuuliza atajenga mara mbili.

Kuna jambo tunalolisema kwa sauti ya chini mno, nami nataka lisikike. Mayai haya hunasa pia kwenye njia ya uzazi ya mwanamke, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa na damu. Dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa, na mwanamke aliyeshinda miaka akilima mpunga bondeni hushukiwa bila kosa. Akifika kituoni na aseme wazi kuwa amekuwa akiingia maji ya bonde. Neno hilo moja hubadilisha maswali ya daktari.

Kwa vile wagonjwa wamebaki wachache, kuanzia 2020 kaskazini ya Pemba ulijaribiwa mtindo mwengine. Pale ugonjwa ulipo mdogo, badala ya kuwapa dawa watu wote, mtoto alipimwa skuli, na aliyekutwa na mayai alitibiwa kisha akafuatwa hadi kwao, watu wa nyumba yake nao wakapimwa.

Yule bibi alinipa kikopo saa 7 na robo. Mjukuu wake alikutwa na mayai matatu. Baada ya kumeza dawa tulimuuliza anaogelea wapi, akatutangulia kwenye njia ya mihogo, peku, hadi kwenye kidimbwi chini ya mnazi ambacho hakikuwamo kwenye ramani yetu.