Jamani, kuota manyoya siyo kukua

Wiki hii nimeletewa tena skripti ya mtu-mbwamwitu. Kijana wa miaka 15, sauti inakwaruza, kifua kinaota nywele, mwezi unajaa, anang'ata watu, basi. Namuuliza mwandishi stori iko wapi, ananijibu "si unajua, muvi za hivi zote ni kubalehe tu". Zote! Mimi kurekebisha skripti ndiyo kazi yangu na hiyo kauli nimeisikia mpaka masikio yameota sugu.

Kwanza siyo zote. Kwenye The Wolf Man ya 1941, Larry Talbot ni mtu mzima anayerudi kwao, na anayemuua ni baba yake mzazi kwa fimbo yenye kichwa cha fedha. Hapo balehe ilishapita kitambo. (Na shairi la muvi hiyo linataja mwezi wa vuli unaong'aa tu, kuwa mpevu kukaja kwenye mwendelezo wa 1943.)

Halafu I Was a Teenage Werewolf, 1957. Jina lenyewe lina ujana, lakini Tony hang'atwi na mtu wala mwezi hauna habari naye. Ni kijana mwenye hasira za karibu, wakubwa wanamwambia nenda kwa daktari utasaidiwa, naye daktari anamdunga dawa na kumlaza usingizi wa kiini macho ili amrudishe kwenye unyama. Baadaye ni kengele ya shule tu inalia na mtoto wa watu anageuka. Homoni ziko wapi hapo? Ujana wake ni kugundua kwamba mkubwa uliyeambiwa umwamini ndiye anayekuharibu.

Ginger Snaps ya 2000 ndiyo mnayonitupia kila siku, eti Ginger anang'atwa usiku uleule anaovunja ungo. Sawa, hiyo kila mtu kaiona, hata aliyekuwa anasinzia. Ila angalieni kamera inakaa na nani, inakaa na Brigitte, mdogo wake, waliyeapizana naye kufa pamoja, na huyo ndiye anahangaika na dawa, anadanganya nyumbani, anasafisha damu, mpaka mwisho yuko chumbani kwao na sindano mkono huu, kisu mkono ule, na dada anamjia. Ginger anabadilika. Anayekua ni Brigitte.

Sasa na mimi hoja yangu, kwamba hizi muvi ni za kukua na siyo za kubalehe tu, ina kidonda chake. Kukua maana yake unavuka unatokea ng'ambo, na hawa watoto wengi hawavuki, Tony anapigwa risasi na polisi, Ginger ndio hivyo. Anayevuka salama ni yule wa Teen Wolf ya 1985, na ile ni komedi! Kwa hiyo inawezekana kabisa hizi ni muvi za wakubwa wanaoogopa watoto wao, na mimi nazipamba bure.

Ile skripti nimeirudisha na swali moja. Huyu mdogo wake na kijana wako, aliyefungua mlango ukurasa wa 4 akaona damu kwenye sinki, mbona hatumwoni tena?