Kibubu cha Ijumaa

Neno lililonivuruga nilipoanza kufundisha chekechea katika shule ya Kiyahudi hapa London ni lile nililodhani nalijua: tsedaka. Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na sadaka. Kila Ijumaa ombaomba walipita madukani, na bibi yangu alikuwa na chenji yao tayari, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikajiambia hili halinishindi.

Lilinishinda. Wiki ya tatu nilibandika ukutani orodha ya majina, nyota moja kwa kila sarafu mtoto aliyotumbukiza kwenye kibubu cha darasa. Mwalimu mwenzangu, mkongwe kwenye kazi, alingoja watoto watoke ndipo akaibandua. "Unawapa zawadi kwa kulipa deni," aliniambia.

Kuhusu hilo deni, lugha yenyewe inasaidia. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na sadaka tuliyoichukua kwa Waarabu ina mzizi mmoja na tsedaka. Ila kwa Kiarabu mzizi huo umeelemea upande wa ukweli, kwa Kiebrania umeelemea upande wa haki. Tsedek maana yake ni haki. Sadaka ya kwetu mtu hutoa kwa hiari yake, na kile cha lazima kina jina lake, zaka. Basi ukitaka kumweleza mtu wa pwani, mwambie tsedaka iko karibu na zaka kuliko sadaka. Desturi ni fungu la kumi la pato, na wahenga wao waliweka kikomo pia: asitoe zaidi ya moja ya tano, asije naye akawa mtu wa kusaidiwa.

Mtoto wa miaka mitano humwelezi mambo ya mizizi ya maneno. Mimi natandika blanketi sakafuni, nalijaza masuke ya karatasi, nasema hili ni shamba. Wanavuna. Wakifika kwenye pembe nawazuia, kwa sababu Mambo ya Walawi sura ya 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, na masuke yaliyoanguka asiyarudie. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliokota masuke kwa utaratibu huohuo katika shamba la Boazi. Kisha nauliza: aliyechukua masuke ya pembeni, kapewa na mwenye shamba? Hapo kelele huanza. Mwaka jana mmoja alisimama katikati ya blanketi akasema hapana, amechukua chake. Sikuongeza neno.

Kibubu tunakijaza Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, maana ikishaingia fedha haishikwi. Familia zenye asili ya Ulaya Mashariki hukiita pushke. Wazazi wengine huleta pauni 18 kamili, kwa kuwa herufi za neno la Kiebrania "hai", ambalo maana yake ni ileile ya hai yetu, thamani yake ukiijumlisha ni 18.

Wale wa miaka kumi, wa darasa la Jumapili, nawapa Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204. Katika Mishneh Torah, kitabu chake cha sheria za Kiyahudi, alipanga utoaji kwa ngazi nane. Naziandika kwenye kadi, nazichanganya, wazipange wenyewe. Ya chini kabisa huipata upesi: anayetoa huku amenuna. Ya juu huwashinda karibu kila mara. Huweka pale siri, yaani mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji, kumbe hiyo ni ya pili. Juu yake Maimonides aliweka kumpa mtu mkopo, kuingia naye ubia au kumtafutia kazi, kabla hajafika mahali pa kuomba. Na mkopo wenyewe hauna riba, Torati imekataza.

Ngazi wanayoipenda zaidi ni ya nne, ambapo mpokeaji anamjua mtoaji lakini mtoaji hamjui mpokeaji. Maimonides anawataja wakubwa wa zamani waliofunga fedha kwenye nguo zao na kuzitupia mgongoni, maskini wakaja nyuma kuchukua pasipo kuonekana. Siku niliyosoma hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka bibi. Sasa nakuja darasani na kanga, nafunga sarafu pindoni, naining'iniza begani na kutembea bila kugeuka. Wanakufa kwa kicheko, lakini mwezi mzima baadaye bado wanakumbuka mpokeaji hutakiwi kumtazama usoni.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya walimu hulipita haraka. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasema hata maskini anayeishi kwa tsedaka naye hutoa tsedaka. Darasani kwangu wapo watoto ambao nyumbani kwao hupelekewa kikapu cha chakula kabla ya Pasaka, na Ijumaa huja mikono mitupu, wakijifanya wamesahau. Ndiyo maana karibu na mlango niliweka bakuli la sarafu za peni kumi kumi. Kila mtoto, wa tajiri na wa fukara, huchota moja akiingia, kisha huenda nayo kwenye kibubu. Wazazi wameshaniuliza nani hulijaza. Nawajibu hulikuta limejaa.