Mzabuni aone kazi yake tu

Mwishoni mwa mwaka 2013, wezi wa mtandaoni waliiba taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 za wateja wa Target, kampuni kubwa ya maduka nchini Marekani. Hawakuanzia makao makuu. Walianzia kwa mafundi wa majokofu na viyoyozi, kampuni ndogo ya Pennsylvania iliyokuwa na akaunti ya kuingia kwenye mifumo ya Target. Kampuni hiyo ilieleza baadaye kwamba akaunti ile ilikuwa ya kutuma ankara, kuwasilisha mikataba na kusimamia miradi, basi.

Kusimamia miradi! Kazi hiyo hiyo leo taasisi zetu nyingi zinaifanya kwenye Trello, Asana au Jira, programu za mtandaoni ambako mradi hupangwa kwenye ubao wenye safu, na kila kazi ina kadi yake, na humo tunawakaribisha wakandarasi, wachora ramani na wauza vifaa. Kule Target, nywila za mzabuni ziliibwa, na kwa kuwa mifumo ya ndani haikutenganishwa vya kutosha, wezi walitoka pale walipoingilia wakafika hadi kwenye mashine za malipo za madukani. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyalipa majimbo 47 na Washington D.C. dola milioni 18.5.

Si lazima mwizi awepo ndipo upate hasara. Chukua mradi wa jengo. Msimamizi anataka muuza nondo ajue siku ya kushusha mzigo saiti, na kwa haraka zake anamwingiza kwenye ubao mzima wa mradi. Muuza nondo anafungua simu, anaona oda yake: milimita 12, tani 8, Jumanne asubuhi. Anasogeza kidole kidogo pembeni, anakuta safu nyingine, “Bei zilizoletwa”. Bei za washindani wake wawili zipo hapo, na bajeti ya mwenye mradi iko chini yake. Hajadukua kitu. Sisi ndio tuliomwonyesha, na zabuni ijayo atajua pa kuweka bei yake.

Kadi nyingine ya jirani kwenye ubao huo huenda ina namba za vitambulisho na simu za vibarua. Hapo tumeshaingia kwenye sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Huwezi kujitetea kwamba aliyeziona ni mtu wa nje.

Kumnyima mzabuni ruhusa kabisa si dawa. Atarudi WhatsApp, na michoro itazagaa kwenye simu ambazo huna mamlaka nazo. Mfungulie ubao wake mwenyewe, wenye oda zake, tarehe zake na michoro inayomhusu. Nasisitiza ubao wa peke yake kwa sababu kwenye Trello anayeingizwa ubaoni huziona kadi zote zilizomo. Asana humchukulia mwenye barua pepe ya nje kama mgeni, haoni kitu mpaka ashirikishwe, lakini ukimshirikisha mradi mzima atauona mzima. Ubao uliowekwa wazi kwa umma usiuguse kabisa kwa kazi ya namna hii. Yeyote mwenye kiungo anauona.

Akaunti iwe ya mtu, si ya kampuni. Watu sita wakigawana nywila moja ya “mkandarasi”, siku mchoro ukifutwa hutajua nani kaufuta. Kila mmoja awe na yake, yenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu.

Siku ya kufungua akaunti, andika na siku ya kuifunga. Hapa ndipo wengi wetu tunateleza: kazi imekabidhiwa, malipo yametoka, akaunti bado iko hai miaka miwili baadaye. Kama mkataba una kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano, mwachie ruhusa ya kusoma tu hadi kiishe.

Kabla hujatuma mwaliko, jialike mwenyewe kama mgeni kwa barua pepe yako binafsi, kisha ingia kwa simu, maana huko ndiko mzabuni atakakotazama. Fungua kila safu. Fungua viambatisho, na soma maoni ya miezi iliyopita ambayo timu iliyaandika ikidhani iko peke yake. Unachokiona wewe hapo, naye atakiona.